Aliyeligeuzia Ziwa Mgongo

Watu wote waliopanda kilima kile walipanda kwa ajili ya ziwa, isipokuwa Afande. Sisi wengine tukifika juu, tukihema na kujipangusa jasho, tulikimbilia benchi la mbao na kutazama vilima vikishuka kimoja nyuma ya kingine, migomba, bonde la mafunjo, na mwisho kabisa maji meupe juani. Yeye alikaa kwenye ncha ya benchi hilohilo, mgongo ziwani, uso kwenye njia tuliyopandia. Siku moja nilimuuliza kwa nini anasafiri mwendo wote huo kuja kutazama njia.

"Ziwa hapana iko na miguu," akaniambia. "Mtu ndiyo iko na miguu."

Sikumwamini tangu siku hiyo. Niseme wazi kwamba mimi siamini watu upesi. Nauza vyombo vya jikoni kwa jumla kule Kikuubo, uchochoro wa maduka katikati ya Kampala, na Kikuubo mtu akikuchekea sana asubuhi, unakagua sufuria zako kabla ya saa sita. Tena mimi ni Mkenya, na Mkenya akikaa Kampala hujifunza kusikiliza yanayosemwa akishageuka. Kwa hiyo nilipokutana na mtu mwenye shaka kunishinda, nilimwonea wivu kidogo, kisha nikaanza kumchunguza.

Tulikuwa majirani Kawempe, ua mmoja, milango miwili katikati yetu. Alikuwa polisi mstaafu kutoka kaskazini, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kufundisha gwaride. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, na yeye asingependa niliandike. Ndani kwake kulikuwa na rozari ukutani na mkeka wa swala wa marehemu mkewe, umekunjwa vizuri juu ya kabati. Mtu akimuuliza yeye ni wa dini gani, alimuuliza kwanza mwenzake ni wa ipi, na kwa nini anataka kujua.

Salamu yake ilikuwa moja. Ukigonga mlango, hata kama umebeba sahani ya chakula, sauti ilitoka ndani: "Nani ametuma wewe?" Watoto wa uani walimwiga, na yeye aliwasikia na hakukasirika. Jioni aliwapanga mstari mmoja na kuwafundisha mguu sawa na nyuma geuka mpaka mama zao wakawaita kuoga.

Safari za kilimani zilianza kwa sababu ya presha. Daktari wa zahanati yetu alituambia watu watano au sita, kwa siku tofauti, kwamba tusipotembea tutakufa tumekaa. Mwalimu, jirani yetu mwingine aliyestaafu, akaomba gari la kanisa, na tangu hapo kila Jumamosi ya pili tulitoka mjini kwenda kwenye hifadhi ya msitu yenye kilima kile. Kulikuwa na geti, mama mmoja wa chapati nje ya geti, njia tatu za kutembea msituni, ngedere wezi wa ndizi, na benchi kileleni. Nilikipenda kilima kile kuliko mahali pengine popote nchini. Pale juu hakuna aliyeniuliza bei ya kitu wala nilikotoka. Nikishuka, nilijiona nimepunguza miaka.

Afande alipanda kwa hatua za gwaride. Hata kwenye mteremko wa mawe, hatua yake ilikuwa ileile, ndefu na sawa, na mkononi alikuwa na fimbo nyeusi aliyoikata mwenyewe iwe na urefu wa hatua moja kamili. Mara kwa mara alisimama, akailaza fimbo ardhini kati ya mguu na mguu, akaangalia. Nilimuuliza anapima nini wakati mguu ni wake mwenyewe. Akanijibu kwamba mguu unazeeka na haumwambii mwenyewe.

Chai hakunywa ambayo hakuiona ikimiminwa. Alibeba chupa yake, mhogo wa kuchemsha na simsim ya kusaga kwenye kikopo, na alikula amekipakata kikopo chake hadi mwisho. Lakini njiani, mwanamke yeyote aliyekuwa anachoma ndizi za gonja alimwuzia, naye alikula bila hata kufuta majivu. Nikamwambia, "Afande, si huyo ndiye wa kuogopa? Humjui."

"Yeye pia hapana jua mimi. Sumu inataka mpango. Huyu mama amepanga nini? Alijua mimi nitapita?"

Hoja kama hizo zilinichekesha na kunitia baridi kwa pamoja, kwa sababu zilikuwa na mantiki. Alikuwa na kufuli mbili mlangoni, na funguo za akiba alizileta kwangu mimi, ambaye aliniita Mkenya hadi mbele ya wageni. Nilipouliza kwa nini mimi, alisema nina macho mabaya na hakuna mwizi atakayepita mbele yangu. Sikujua nishukuru au nimrushie funguo zake.

Kupigwa picha alikataa kabisa. Alishika simu zetu na kutupiga yeye, akituamuru tusogee, tuinue kidevu, tuache kucheka ovyo. Ninazo picha nyingi za miaka tisa ya kilima kile, nyuso na ziwa, nyuso na ziwa, na yeye hayumo hata katika moja.

Sasa nifike kwenye tabia yake iliyonikera kuliko zote. Afande alikuwa na desturi ya kumwambia kila mtu habari ileile kwa namna tofauti. Mwaka mmoja alikuwa anakwenda kwao Gulu. Mimi aliniambia ataondoka Alhamisi, mke wa mwenye nyumba akamwambia Ijumaa, kijana wa bodaboda akamwambia Jumatatu. Aliondoka Jumapili. Kabla hajaondoka, muuza mkaa wa barabarani alimtakia safari njema ya Ijumaa, na Afande alirudi uani akitabasamu peke yake.

"Sasa najua nani anaongea na nani," akaniambia.

"Na ukishajua, unafanya nini?"

"Hakuna. Najua tu."

Nilimwambia hiyo si tabia ya jirani, ni tabia ya mpelelezi. Akasema mpelelezi anaandika, yeye haandiki. Kweli, hakuwahi kuandika kitu. Karatasi, alisema, inasomwa na kila mtu mwenye macho. Na ukimletea uvumi wowote, alikukata palepale: "Hapana ambia mimi ile umesikia. Ambia mimi ile umeona."

Basi nami nikaona kitu. Jumamosi moja wenzangu walikuwa wanakula, na Afande akainuka kwenye benchi, akaiacha njia, akashuka moja kwa moja kwenye nyasi kuelekea uzio wa hifadhi. Midomo ilikuwa inacheza. Alipofika kwenye uzio, kwenye mstari wa ule mmea wa majani marefu ambao Waganda huupanda mpakani na kuuita oluwaanyi, alisimama, akagusa mmea mmoja kwa fimbo, akarudi. Safari iliyofuata akafanya hivyohivyo, na iliyofuata tena. Kampala kila mtu amewahi kusikia jinsi ardhi inavyokwenda. Anakuja mtu mtaratibu, anapima kwa miguu kama anatembea tu, na mwaka unaofuata kuna ukuta na mlinzi.

Nilimngoja arudi kwenye benchi, nikamuuliza bila kuzunguka, "Afande, unahesabu nini?"

Alinitazama muda mrefu, uso hauna hata dalili ya mzaha. Akainama karibu nami.

"Kuna tajiri moja ya Kikuubo. Nataka jenga hoteli hapa. Mimi napima yeye shamba. Lakini hiyo maneno iache hapa."

Kikuubo, kwangu! Nikajaribu kukisia ni nani kati ya wale ninaowasalimia kila asubuhi. Wiki mbili nzima niliwatazama matajiri wangu wa plastiki na mablanketi kwa jicho la pembeni. Ningeweza kumuuliza Mwalimu. Ningeweza kumbana Afande mwenyewe uani. Sikufanya hivyo. Jumamosi ya safari iliyofuata nilitangulia kupanda, nikaingia ofisini kwa meneja wa hifadhi, nikamwambia yote.

Meneja alikuwa Muganda mpole, shati limenyooshwa, maneno ya adabu. Alinipa soda baridi na kiti. "Mama, umefanya vizuri sana kureta hii maneno," akasema. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya watoto, "Na huyu mzee, anahesabu kutoka wapi mpaka wapi?"

Nikamwambia ni kutoka kwenye benchi mpaka kwenye uzio wa chini. Akauliza kama kuna mahali ameandika. Nikasema haandiki kitu, yote yamo kichwani. Akashukuru tena. Mimi, ninayekagua sufuria nikichekewa, nilimaliza soda ile na kushuka nimejaa fahari.

Safari iliyofuata, Afande alizuiwa getini. Aliambiwa ni kwa ajili ya usalama. Mwalimu alipaza sauti, mama wa chapati akaacha kukanda akasogea kutazama, lakini Afande hakubishana hata kwa neno moja. Alirudisha tiketi yake, akatuambia tupande. Tuliposhuka baada ya saa tatu tulimkuta amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, analitazama geti. Ndani ya gari nilikaa kiti cha mbele ili nisimwone. Hakuja tena, na hakumlaumu mtu. Asubuhi aliendelea kunisalimia vilevile, na funguo zake za akiba hakuziomba. Mwaka ule ulipokuwa unaisha, mguu wake ulianza kuvimba kwa sukari, na binti yake akamhamishia kwake Namuwongo. Funguo nikampa binti.

Miaka miwili ikapita. Tuliendelea kupanda, na kila mara ncha ile ya benchi ilibaki tupu bila mtu kupanga. Halafu Jumamosi moja mama wa chapati akanishika mkono nikiwa natoka. "Nyabo, nguzo zimeingia hapa, gari mbiri. Zimeenda chini kure. Wewe umeziona?"

Nilirudi juu nikatazama chini. Uzio ulikuwepo, waya mpya, nguzo mpya, na mstari wa oluwaanyi umesimama mbele yake kama kawaida. Lakini ile mimea ilikuwa ya kimo kimoja, majani safi, udongo umelegea miguuni. Mimi nimeuza bidhaa miaka mingi, najua kitu kipya kilichopangwa kionekane cha zamani. Meneja akasema uzio uko palepale, wamebadilisha nguzo zilizooza tu. Nikawauliza wenzangu. Mmoja akasema umesogea, mwingine akasema umekuwa hapo siku zote, Mwalimu akajikuna kichwa. Mteremko ule ni nyasi na vichaka vitupu, hauna jiwe wala mti wa kushika jicho. Na picha zetu zote zilikuwa nyuso na ziwa.

Mwalimu aliandika barua wilayani. Jibu likaja kwamba wapimaji watafika Jumanne ya wiki iliyofuata, na yeyote anayejua mpaka wa zamani aje auonyeshe kwa mguu wake, ardhini. Asipotokea mtu, uzio uliopo ndio utakaoandikwa. Niliisoma barua ile mara mbili, kisha nikaona aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mtu mmoja tu alijua, na mimi ndiye niliyemfungia geti.

Ijumaa nilifunga duka mapema nikaenda Namuwongo. Chumba cha binti kilikuwa hatua chache kutoka kwenye reli. Afande alikuwa amekaa mlangoni kwenye stuli, mgongo ukutani, mguu mmoja umefungwa vitambaa na kuinuliwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Amekonda. Macho yalikuwa yaleyale.

"Nani ametuma wewe?"

"Hakuna, Afande. Nimejileta."

"Kila mtu nasema hivyo."

Binti alileta chai, kikombe chake na changu, vimeshamiminwa huko ndani. Sijui nini kilinishika, nikakitazama kikombe changu bila kukigusa. Afande aliona. Alicheka mpaka akakohoa, akachukua kikombe changu, akanywa funda moja, akanirudishia. Ndipo nikasema nilichokuja kusema.

"Ni mimi niliyekwenda kwa meneja. Nilimwambia unapimia tajiri."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ileile, pale geti. Mwalimu mimi nilimwambia napima ya kanisa. Mama ya chapati nilimwambia daktari alisema nihesabu. Tajiri ya Kikuubo nilipa wewe peke yako." Akasugua goti lake. "Pale geti wananiuliza, 'Mzee, hiyo tajiri ya Kikuubo ni nani?' Basi, nikajua."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamuuliza kwa nini hakunisema mbele ya watu, kwa nini alinisalimia kila asubuhi na kuniachia funguo. Aliangalia uchochoro kidogo, kulia na kushoto.

"Wewe uliona mtu napima mlima ya watu, ukaenda sema. Uliendea mtu mbaya. Lakini ulienda. Mimi sikuenda."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo miaka yote ya benchi hakuligusa. Akiwa bado kazini alipelekwa na wenzake kulinda watu waliokuwa wanapima shamba la mzee mmoja. Walianza kwa kupanda mimea mipya mpakani, halafu waya, halafu hadithi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yeye alisimama na bunduki. "Yule mzee analia, anaita mimi mtoto yangu, mtoto yangu. Mimi naangalia mbele. Amri ilikuwa angalia mbele." Gari-moshi la mizigo likapita. "Pale kwa mlima niliona meneja anatembea na watu ya viatu safi, anaonyesha mkono. Nikasema, hii mimi najua. Nikaanza kuhesabu."

"Wapimaji wanakuja Jumanne," nikasema. "Hakuna anayejua mpaka ulikuwa wapi."

"Juzi ilikuja mtu hapa na soda. Anauliza namba. Nilimpa ya kwake." Alitabasamu kidogo. "Wewe, yako ni mia nne na kumi na mbili. Kutoka mguu ya benchi, ile upande yangu. Unashuka sawa kwa mti ya musizi iko kavu, kule bonde ngambo. Usiende na mguu yako, wewe mfupi. Chukua hii."

Akanipa fimbo nyeusi. Akaniambia niilaze, niigeuze, niilaze, bila haraka, na nisiandike.

Nilitembea kando ya reli nimeikumbatia fimbo ile, na neno moja likanichoma njia nzima. Alisema 'yako'. Mtu aliyempa kila mtu siku yake ya safari, mtu aliyempa mgeni wa soda namba ya kwake, kwa nini anipe mimi ya kweli? Mimi niliyemuuza kwa soda. Labda alitaka kujua namba hii nitaipeleka kwa nani. Labda alikuwa ananilipa kwa upole, nisimame mbele ya wapimaji Jumanne nikionyesha mahali pasipo na kitu, wenzangu wote wakitazama. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo.

Kesho yake, Jumamosi, tulipanda. Sikumwambia mtu. Wenzangu walipofungua vyakula vyao nilikwenda kwenye ncha ya benchi, upande wake, nikaweka fimbo kwenye mguu wa mbao, nikaanza kushuka nimeinama, nikielekea ule musizi mkavu ng'ambo ya bonde. Mgongo uliniuma kufika mia. Mwalimu aliniita, nikapunga mkono bila kuinua kichwa nisije nikapoteza hesabu. Nilifika kwenye uzio mpya kwenye mia tatu na sitini na moja.

Nilitazama juu, kuelekea ofisini. Hakukuwa na mtu. Nikalala chini nikapita chini ya waya, gauni likanaswa na kuchanika paja zima, nikaendelea kuhesabu kwa sauti. Mia tatu na tisini. Mia nne. Ng'ambo ile ilikuwa nyasi tu, zimenifika kiunoni, na nikawa najiambia kwamba amenipata, Afande amenipata, na ninastahili. Mia nne na kumi. Kumi na moja. Nilipoilaza fimbo kwa mara ya mwisho, ncha iligonga kitu.

Nikafukua nyasi kwa mikono. Kilikuwa kisiki cha oluwaanyi kilichokatwa kwa panga karibu na ardhi, na pembeni yake shimo la nguzo ya zamani, na mbele kisiki kingine, na kingine, mstari mmoja ulionyooka mpaka kwenye kichaka. Mmea ule haufi upesi. Kila kisiki kilikuwa kimeshatoa majani mawili matatu mapya.

Nilikaa chini palepale nikalia. Sikulia kwa sababu ya uzio.

Nilipoacha kulia nilimpigia simu, ingawa simu hakuipenda. Binti aliipokea, akampa.

"Nani ametuma wewe?" akauliza.

"Ni wewe, Afande," nikasema. "Wewe ndiye umenituma. Iko hapa."

Nilisikia reli nyuma yake. Kisha akauliza nimekaa nikiangalia upande gani.

Nikajitazama. Ziwa lilikuwa nyuma yangu lote, na nilikuwa naangalia juu, kwenye njia, kuona nani anashuka.

"Naangalia njia," nikamwambia.

"Sawa," akasema. "Kaa hapo."